Mianzi yako ina shida gani? Dalili, sababu na cha kufanya kwa mianzi ya vichaka na nyasi za urembo

Maswali ya mianzi ya nyumbani ni yale yale kila msimu: majani njano, ncha zimekauka, haitoi machipukizi, imelalia kwa jirani. Na mtu anapouliza unakuta tayari alishapita duka la pembejeo, kauziwa dawa ya ukungu na dawa ya wadudu na busta ya majani vyote kwa mpigo, kapulizia vyote, na mianzi bado njano. Mimi naona shida nyingi za mianzi siyo ugonjwa kabisa, ni maji, udongo au umri. Kwa hiyo hapa chini kila dalili nimeanza na sababu inayotokea sana, za nadra zinafuata, na vipimo vya mwanzo ni vya bure, jembe na kidole na macho vinatosha.

Kabla ya yote: una uhakika ni mwanzi?

Siyo utani. Vile vijiti vya kijani vinavyouzwa kwenye glasi yenye mawe, vimesokotwa, wanaviita mianzi ya bahati, siyo mwanzi, ni drasena, na pamoja na kuuzwa kama kitu cha Kichina asili yake ni Afrika ya Kati huku huku. Halafu kuna ile mipalmu ya areka, vigogo vya njano vyenye pete, inaota kwa makundi, asili yake Madagaska, nayo wengi wanaiita bambuu. Mwanzi wa kweli una pingili zenye uwazi ndani na matawi yanatoka kwenye fundo. Areka kwa kawaida haitoi tawi kwenye fundo, na jani lake ni kuti.

Ukishajua ni mwanzi, jua ni wa kichaka au wa kutambaa. Wa kichaka tunguu lake, ule mzizi mnene wa chini unaofanana na tangawizi, ni fupi na linajikunja kwenda juu, ndo maana kichaka kinanenepa taratibu pale pale. Wa kutambaa tunguu lake ni jembamba, refu, linakimbia chini ya udongo. Mianzi mingi ya mageti huku ni ya kichaka: ule wa njano wenye mistari ya kijani (Bambusa vulgaris), ule wa majani madogo madogo wa kutengeneza ua (Bambusa multiplex), na yale majitu ya Dendrocalamus ambayo hayafai hata kidogo kwenye kiwanja cha mita 20 kwa 20. Wa kutambaa unaouzwa sana ni Phyllostachys aurea. Namna ya kuutambua nimeiweka chini kwenye dalili ya mwanzi kuchomoza mbali.

Majani yanageuka njano

Hili ndo swali namba moja, na jibu linategemea ni majani *yapi*. Usiseme tu "yana njano". Nenda karibu, shika tawi, angalia majani ya ndani na ya chini, halafu angalia yale mapya ya kwenye ncha.

Kama ya zamani ndo yanageuka njano na kudondoka, huku vijani vipya vinachomoza kijani kibichi kwenye matawi yale yale, hiyo siyo shida. Mwanzi unabadilisha majani, na unaweza kudondosha mengi kwa mpigo ukaogopa, hasa kiangazi kikianza kuisha. Usifanye kitu. Na hayo majani yaliyodondoka yaache pale pale chini, jamani. Huu ugonjwa wetu wa kufagia uwanja kila asubuhi mpaka udongo unang'aa ndo unaua mianzi mingi kuliko wadudu, maana majani ya mwanzi yana silika ambayo mwanzi wenyewe unaihitaji, na yanafunika udongo usikauke. Fagia njia ya kupita wageni, chini ya kichaka achana napo.

Kama kichaka chote kimepauka, mapya kwa ya zamani, sababu ya kwanza kuangalia ni maji kutuama. Chimba kama sentimita 30 pembeni ya kichaka, chukua udongo, ukamue mkononi. Ukitoa maji, au una harufu ya kuoza, umepata jibu. Kipimo kingine: jaza hilo shimo maji, kama kesho yake asubuhi bado yapo, hapo hapafai mwanzi bila kuinuliwa. Hii inawatesa sana watu wenye udongo mweusi wa mbuga, ule unaopasuka kiangazi na kuwa uji masika, wa Kitengela na Syokimau huko wanaujua vizuri. Suluhisho siyo kumwaga mchanga kidogo kwenye shimo, ukifanya hivyo unatengeneza bakuli tu la kukusanyia maji. Kama kichaka bado kidogo king'oe na udongo wake, tengeneza tuta la nusu mita, kirudishe juu. Kama ni kikubwa chimba mfereji upande wa chini wa mteremko maji yapate pa kwenda.

Udongo ukiwa sawa lakini kichaka kizima ni kijani cha kupauka na machipukizi ya msimu huu ni membamba kuliko ya mwaka jana, hiyo ni njaa. Mwanzi ni nyasi, tena nyasi kubwa, unakula naitrojeni kama mahindi. Samadi iliyooza vizuri, ndoo mbili tatu kuzunguka kichaka mvua zikianza, inatosha kwa wengi. Ukitumia Urea au NPK basi kiganja kimoja kwa kichaka kichanga, nyunyiza kuzunguka siyo kwenye mashina, halafu mwagilia maji ya kutosha. Samadi mbichi ya kuku usiweke, inaunguza.

Sasa kuna njano ya aina yake ambayo watu wa pwani wanaijua bila kujua jina: jani jipya ni njano, karibu jeupe, ila mishipa yake imebaki kijani, unaona mistari. Hiyo ni upungufu wa madini ya chuma, na mara nyingi chuma kipo kwenye udongo ila mmea haukipati kwa sababu udongo una chokaa nyingi. Kigamboni, Msasani, Mombasa, Unguja, popote ukichimba kidogo unagonga jiwe la matumbawe, tegemea hili. Ila siyo pwani tu, ukipanda kwenye ukingo wa nyumba mpya ambapo mafundi walimwaga maji ya kuoshea zege na wakafukia vifusi vya saruji utaona kitu hicho hicho hata kama uko Dodoma. Chimba uone, ukikuta vipande vya zege na plasta vitoe vyote, badilisha udongo, weka mboji nyingi na matandazo. Chuma cha kupulizia kwenye majani kinasaidia haraka lakini ni cha muda tu, majani yanayofuata yatarudia njano kama udongo haujarekebishwa.

Ya mwisho ni utitiri. Jani lina vidoadoa vyeupe au vya njano vimejipanga kama mistari ya vigae, ukigeuza upande wa chini kuna utando mwembamba. Inatokea sana kwenye vyungu vya kibarazani ambako mvua haifiki. Osha na mpira wa maji upande wa chini wa majani, kila baada ya siku chache kwa wiki kadhaa, mara nyingi inatosha. Isipotosha tafuta dawa maalum ya utitiri, maana dawa nyingi za wadudu wa kawaida hazifanyi kitu kwa utitiri, zinaua wale wadudu wanaoula.

Ncha za majani zimekauka, za kahawia

Ncha chache kukauka kiangazi siyo kesi. Ikiwa kila jani limeungua ncha, onja maji unayomwagilia. Ndiyo, onja. Visima vingi vya Dar na pwani yote kwa ujumla vina chumvi, na mwanzi hauipendi. Chumvi inajikusanya kwenye udongo kila unapomwagilia kidogo kidogo, maji yanakauka chumvi inabaki, ukitazama chungu kina ukoko mweupe juu na pembeni. Dawa yake ni kumwagilia maji mengi kwa mara moja mpaka yapite kabisa kwenda chini, yaisukume chumvi, na kama una tanki la maji ya mvua weka hayo kwa ajili ya mianzi. Masika ikipiga vizuri utaona majani mapya yanatoka safi yenyewe.

Kama uko karibu na bahari na upande ulioungua ni ule unaotazama maji tu, huo ni upepo wa chumvi, Kusi ikivuma inakuwa mbaya zaidi. Hapo ni kupanda kitu kingine mbele cha kukinga, au kukubali.

Mbolea nyingi ya dukani inaunguza ncha vilevile. Kama wiki iliyopita uliweka Urea "kidogo tu" kwenye chungu, mwagilia mpaka maji yatiririke chini mara tatu nne na usiweke tena mpaka mvua zijazo.

Na nyie wa Arusha wenye ile mianzi ya bahati kwenye glasi, au ile mimea ya majani ya mistari inayoning'inia, klorofitamu: maji ya chini ya ardhi sehemu nyingi za mkoa wenu yana floraidi nyingi, ndo ile inayobadilisha meno ya watu, na hiyo mimea miwili iko kati ya mimea isiyovumilia floraidi. Tumia maji ya mvua. Kuchemsha hakutoi floraidi, kunaizidisha.

Majani yanajikunja kama sigara

Yakijikunja saa saba mchana yakafunguka jioni, mwanzi unajilinda na jua, sawa tu. Yakiwa yamejikunja mpaka asubuhi, una kiu, au mizizi imeoza haiwezi kunywa, na hapa watu wanaongeza maji kwenye mmea unaozama. Kwa hiyo kidole kwenye udongo kwanza! Pakavu, mpe kichaka kichanga ndoo ya lita 20 polepole, mara mbili kwa wiki kiangazi, kuliko kunyunyizia kila siku kwa mpira ambako maji hayazidi sentimita tano. Pamelowa, rudi kule juu kwenye maji kutuama.

Kwenye chungu kuna sababu ya tatu: mizizi imejaa chungu kizima, udongo haupo tena, maji yakimwagwa yanapita pembeni na kutoka chini papo hapo. Mtoe, gawa kichaka kwa msumeno, siyo panga, rudisha nusu na udongo mpya. Nilishaona vyungu vya udongo vimepasuliwa na mianzi, na vile vya saruji vikapata ufa.

Machipukizi hayatoki, au ni membamba, au yanatoka yanakufa

Hapa subira inahitajika na watu hawana. Kwanza jua mwanzi unavyokua, maana haukui kama mti. Chipukizi linatoka ardhini likiwa na unene wake wa mwisho, halinenepi tena maisha yake yote. Linapanda mpaka urefu wake wote ndani ya miezi michache, halafu basi, miaka inayofuata linakomaa tu. Kichaka kinakuwa kikubwa kwa sababu machipukizi ya kila msimu yanatoka manene kuliko ya msimu uliopita. Kwa hiyo uliyepanda mwaka jana na umepata vijiti vya unene wa kalamu, hujatapeliwa na muuza miche, subiri. Mwaka wa tatu hivi ndo utaanza kuona mwanzi wa kwenye picha.

Kichaka kikubwa kisipotoa kabisa, angalia kwanza msimu: machipukizi yanakuja mvua zikishashika, usitegemee mwezi wa nane kiangazi kikali bila kumwagilia. Pili jiulize kama ulikata sana. Chakula cha chipukizi jipya kinatoka kwa mianzi ya zamani yenye majani, ukishafyeka kichaka chote ili "kiote upya" kitaota kweli, ila vijiti, na kitachukua miaka kurudi. Tatu ni kivuli, mwembe ukishakua juu yake basi.

Machipukizi yanayotoka yakafika kiuno halafu yakaoza ncha: baadhi kufa ni kawaida kabisa, kichaka kinaanzisha mengi kuliko kinavyoweza kulisha. Shika ncha ya maganda asubuhi, kama kuna matone ya maji kwenye ncha za maganda lipo hai, kama ni kavu na ukivuta linachomoka na kunuka limekufa, liondoe. Yakifa karibu yote hapo ni ukame wa ghafla katikati ya mvua, au maji yametuama, au kuna mnyama anayeyala. Tumbili na ngedere wanapenda chipukizi bichi vibaya sana, mbuzi pia, ng'ombe pia, na nyanda za juu kuna fuko anayekula toka chini, utaona vilima vyake vya udongo. Na chipukizi likikatwa ncha haliendelei kupanda tena. Wagema ulanzi wa Iringa na Njombe wanajua hilo, ncha inayokatwa ndo inayotoa ulanzi na mwanzi ule kurefuka basi, ndo maana hawagemi kichaka kizima bila kubakiza.

Onyo dogo: maganda ya machipukizi ya mianzi mikubwa yana vinyweleo vyeusi au vya kahawia vinavyochoma na kuwasha ngozi. Vaa glavu na mikono mirefu, usijifute uso.

Kimelala, kimeinamia kwa jirani au barabarani

Karibu kila mara ni msongamano. Kichaka hakijapunguzwa miaka, katikati kuna mianzi mikavu iliyokufa, mipya inasukumwa nje kutafuta mwanga na inainama. Fanya hivi, kiangazi, siyo wakati machipukizi yanatoka: ingia na msumeno, toa kwanza iliyokufa, halafu iliyozidi miaka minne. Utaijua kwa rangi, mwanzi mpya unang'aa na una ungaunga mweupe chini ya fundo na maganda bado yameshika, wa zamani una madoa ya kuvu na rangi imefifia. Usitoe zaidi ya theluthi moja ya mianzi hai kwa mwaka. Mwaka huu theluthi, mwakani tena.

Na unapokatia ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Kata *juu kidogo tu ya fundo*, chini kabisa karibu na ardhi. Ukikata katikati ya pingili unaacha kikombe, mvua inakijaza, na mbu aina ya Aedes, yule anayeeneza dengi, anapenda vikombe kama hivyo. Dar ilipigwa na dengi 2014 na tena 2019, hatuhitaji kumjengea nyumba. Kama una visiki vya zamani vyenye vikombe vitie udongo au uvikate upya leo.

Mtu anayetaka ua usizidi mita tatu anaruhusiwa kukata juu, mwanzi uliokatwa kichwa hautarefuka tena, utatoa matawi pembeni. Machipukizi mapya yatapanda urefu wao wa kawaida tu, kwa hiyo utakata kila mwaka.

SIMAMA hapa: kama mwanzi umegusa waya wa umeme au umeegemea nguzo, usikate, usivute kwa kamba, usimtume kijana na panga. Mwanzi mbichi wenye maji unapitisha umeme. Piga simu TANESCO au Kenya Power au shirika la umeme la kwenu, waje wakate wao. Na mianzi mirefu ya mita 15 na zaidi iliyoinamia paa la mtu ni kazi ya watu wenye kamba na ngazi sahihi, maana mwanzi uliopinda unakuwa na nguvu ndani, ukiukata unaruka nyuma au unapasuka kwa urefu na kukupiga kifuani.

Pia gonga kichaka na fimbo ndefu kabla hujaingia, sikiliza. Majani makavu chini ya mianzi ni makazi ya nyoka, na pingili zenye matundu zinakaa nyigu na nyuki. Ukimwona nyoka rudi nyuma, mwangalie kwa mbali alipo na mwite mtu anayejua kumkamata. Kuchoma kichaka moto ili nyoka atoke ni wazo baya, pingili zinalipuka na majani makavu yanabeba moto mpaka kwa jirani.

Umechomoza mita mbili kutoka ulipoupanda

Hapo uliuziwa wa kutambaa. Hakikisha: chukua mwanzi mmoja, pitisha kidole kwenye pingili juu ya mahali tawi linapotokea. Ukisikia mfereji au ubapa unaopanda na pingili, na kila fundo lina matawi mawili makubwa, huo ni Phyllostachys. Wa kichaka unakuwa mviringo na matawi mengi kwenye fundo moja. Halafu chimba pale ulipochomoza, ukikuta tunguu jembamba limelala kama kamba hakuna ubishi.

(Mwanzi wa milimani wa Aberdare, Elgon na Rungwe nao shingo ya tunguu lake ni ndefu, unatawanyika, ila wengi hawaupandi bustanini, na ukiuteremsha kwenye joto la pwani unateseka tu.)

Ukiwa bado mdogo chimba mfereji wa sentimita 60 kuuzunguka, kata kila tunguu linalovuka, na rudia kila mwaka. Kizuizi cha plastiki nene cha sentimita 60 hadi 75 kinasaidia kama utaacha sentimita tano zimejitokeza juu, la sivyo unaruka juu yake. Mabati yanaoza. Kumwaga chumvi au dizeli unaua udongo, mwanzi unarudi. Ukitaka kuumaliza kata yote usawa wa ardhi, na kila kinachochomoza kikate mfululizo mpaka tunguu liishiwe akiba, inachukua misimu kadhaa.

Wa kichaka haukimbii lakini unanenepa, na ukipandwa nusu mita kutoka ukutani utausukuma ukuta. Acha mita moja na nusu kwa ile midogo, mita tatu au zaidi kwa mikubwa. Ukiona ufa kwenye ukuta wa uzio, au chemba ya maji taka imeinuka, au maji yanarudi chooni, acha kuchimba, usije ukapasua bomba, ita fundi bomba au fundi ujenzi kwanza aangalie ndo uendelee na mwanzi.

Masizi meusi, unga mweupe, sisimizi wanapanda na kushuka

Masizi siyo ugonjwa wa jani, ni ukungu unaoota juu ya utamu unaonyewa na wadudu wafyonzaji. Fuata sisimizi, watakupeleka kwa mwenye shida. Vidukari kwenye majani mateke, vidung'ata vyeupe kama pamba vimejificha chini ya maganda ya fundo, wadudu magamba wameganda kwenye shina. Wachache wafute kwa kitambaa. Wengi: maji lita moja na sabuni ya maji kijiko kimoja au viwili vidogo, pulizia jioni, lowesha mpaka ndani ya maganda, rudia baada ya wiki. Mafuta ya mwarobaini nayo yanafanya kazi. Tawi lililozidiwa kata, tia kwenye mfuko, tupa. Ukizuia sisimizi wasipande, maana wao ndo wanawalinda hawa wadudu, nusu ya kazi imeisha.

Ukifika hatua ya dawa kali za kupenya mmea onana na bwana shamba kwanza, hasa kama kuna kisima, mizinga ya nyuki, au watu wanachuma machipukizi kula. Usichanganye dawa mbili kwenye bomba moja kwa sababu muuzaji kasema "zinaelewana".

Vumbi la njano na vitundu kwenye mianzi iliyokatwa

Huyo ni bungua, na anafuata wanga ulio ndani ya mwanzi mchanga. Kichaka hai hakina shida. Kata mianzi ya miaka mitatu kwenda juu, iloweke au itibu kabla ya kujengea. Iliyoshaanza kutoa vumbi kwenye nguzo ya banda, badilisha.

Umetoa maua

Mabaya, ila nadra. Mianzi mingi inakaa makumi ya miaka bila ua, na ikitoa kichaka kizima maua kwa pamoja kawaida inakufa. Matawi mawili matatu tu yenye maua hayamaanishi mwisho, yakate, lisha kichaka, subiri. Kikiwa chote kimeisha majani na kubaki masuke, mbolea haitakirudisha. Kusanya mbegu kama zipo, na ulizia wenye mianzi waliochukua mche kwako, kwa kuwa vichaka vilivyotokana na mmea mmoja huwa vinatoa maua kipindi kimoja.

Kipandikizi kilitoa majani, kikafurahisha, kikakauka

Pingili ina akiba ya chakula, inatoa majani kabla ya mizizi. Mtu anaona kijani anahamishia shambani, na bado chini hakuna kitu. Acha mpaka chipukizi jipya litoke *ardhini*, hapo ndo pana mizizi. Tumia kipande cha mafundo mawili matatu kutoka mwanzi wa miaka miwili mitatu, kilaze, kifukie, kivuli, maji, mwanzo wa mvua. Mwanzi wa njano unakubali hivi kirahisi, mingine mingi inagoma na utahitaji kung'oa tunguu lenye mizizi yake.

Nyasi za urembo na ndugu zake

Katikati ya shina pamekufa, pembeni kijani: mchaichai, pampasi, nyasi za mikia myekundu, zote zinafanya hivyo zikizeeka. Ng'oa, tupa katikati, gawa vya pembeni, panda upya mvua zikianza. Pampasi vaa glavu nzito, jani lake ni kisu.

Mchaichai wenye madoa ya kutu chini ya jani: kata wote sentimita kumi kutoka ardhini, choma majani, utaota safi, na acha kuumwagilia juu ya majani jioni.

Mafunjo kwenye chungu yanakauka ncha hata ukimwagilia kila siku, kwa sababu ni mmea wa maji. Weka chungu ndani ya beseni lenye maji, tatizo limekwisha. Mabua ya zamani yanageuka kahawia kawaida, yakate chini.

Vetiva imedumaa na kukonda, angalia juu, kuna kivuli. Haivumilii. Punguza matawi ya mti au ihamishe.

Nyanda za juu, Njombe, Makete, mianzi ya pwani ikibabuka majani yote mwezi wa sita au wa saba usiku mmoja ni sakitu, ile baridi ya kugandisha umande. Usikate chochote mpaka mvua zirudi, mashina mengi yatachipua majani tena kwenye fundo, na yale yasiyochipua utayajua ukikwaruza ganda, ndani pamekuwa kahawia badala ya kijani.